Ulimi wa Serikali Mtandaoni: Mzozo wa Kanada na Saudi Arabia

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walinena wahenga. Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi ujumbe mfupi wa mtandaoni ulivyozua mzozo baina ya Kanada na Saudi Arabia mwaka 2018, na nafasi ya lugha katika mzozo huo.

Mnamo tarehe 2 Agosti 2018, Chrystia Freeland, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kanada, alieleza kwenye Twitter (mtandao unaoitwa X tangu 2023) wasiwasi wake kuhusu kukamatwa kwa Samar Badawi, mtetezi wa haki za wanawake. Samar ni dadaye Raif Badawi, mwanablogu aliyekuwa kifungoni tangu 2012, na ambaye mkewe alikuwa amepata uraia wa Kanada. Siku iliyofuata, wizara ya Freeland iliihimiza Saudia iwaachilie wanaharakati waliokamatwa "mara moja". Tarehe 5, ubalozi wa Kanada mjini Riyadh uliutoa ujumbe huo kwa Kiarabu.

Usiku wa kuamkia tarehe 6, Saudia ilimpa balozi wa Kanada saa 24 aondoke, ikamwita nyumbani balozi wake na kusitisha biashara na uwekezaji mpya. Aidha, ndege za shirika lake la taifa zilikoma kwenda Toronto, nao maelfu ya wanafunzi Wasaudia wakaamriwa kuondoka katika vyuo vya Kanada. Hata hivyo, mafuta yaliendelea kuuzwa. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kiisimujamii, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza ni uteuzi wa msamiati. Kitenzi "kuhimiza" kina upole, lakini kielezi "mara moja" hukisogeza karibu na amri. Na ni kauli hiyo hasa ambayo Saudia ilisema haikubaliki. Pili ni hadhira. Waraka wa kibalozi hukabidhiwa faraghani, hivyo mpokeaji anaweza kulegeza msimamo bila kuvunjiwa heshima. Mtandaoni, ulimwengu mzima ni shahidi, na kulegeza huonekana kuwa kushindwa. Tatu ni tafsiri. Kiarabu kiliufikisha ujumbe kwa raia wa Saudia moja kwa moja. Maana ya maneno haikubadilika, ila msikilizaji alibadilika.

Je, lugha ndiyo ya kulaumiwa? La hasha. Saudia ilidai kuwa imeingiliwa mambo yake ya ndani, ilhali Kanada ilishikilia kuwa haki za binadamu hazina mipaka. Kielezi kilikuwa cheche tu. Kuni zilikuwapo tayari. Isitoshe, adabu ya lugha isigeuzwe kisingizio cha kuwanyamazia walio gerezani. Swali gumu ni hili: je, kauli ya hadharani humfaa mfungwa, au humfaa zaidi anayeitoa?

Samar aliachiliwa mwaka 2021, naye Raif mwaka 2022 baada ya kutumikia kifungo cha miaka 10. Mabalozi walikubaliwa kurejeshwa tarehe 24 Mei 2023, kufuatia mazungumzo ya ana kwa ana ya viongozi wa nchi hizo mjini Bangkok Novemba 2022. Ujumbe unaosomwa kwa sekunde chache ulihitaji takriban miaka mitano kutengenezwa. Basi, wanafunzi wa lugha wanaotarajia kuwa wafasiri na wanadiplomasia, na watambue kwamba kila tafsiri ni tendo, na kila tendo lina matokeo.