Miaka Mitano ya Hiari

Aliyeajiriwa serikalini katika Tanzania hupewa na sheria tarehe mbili za kuagana na kazi: ya kwanza ni siku atimizapo umri wa miaka 55, ambapo ana ruhusa ya kuondoka kwa hiari yake, na ya pili ni siku atimizapo miaka 60, ambapo hiari haipo tena, isipokuwa kwa maprofesa na madaktari bingwa ambao wamesogezewa mpaka huo hata miaka 65. Baina ya tarehe hizi mbili pana miaka mitano ambayo, kwa rai yangu, ina thamani kuliko yote katika maisha ya mfanyakazi, na ndiyo ipoteayo bure kuliko yote. Kwani wengi huipitisha kana kwamba haikuwapo, wakitoka asubuhi na kurudi jioni, hata barua ya kustaafu kwa lazima ikawafikia na kuwashtua, ilhali tarehe yake ilijulikana tangu siku walipoandikishwa kazi.

Desturi ya kumwekea mtu siku maalumu ya kuacha kazi si ya dahari. Nahodha, mkulima na fundi wa majahazi wa Lamu hawakuijua. Fundi aliyechoka mikono aliweka tezo chini, akaketi kivulini hapo hapo penye chombo kinachoundwa, akitazama mbao zinavyopachikwa, na vijana wakimwendea kwa mashauri, hata kazi ikahamia mikononi mwao kidogo kidogo bila ya mtu kutangaziwa kuwa amekwisha. Ilikuwa Ujerumani, katika mwaka wa 1889, zama za Bismarck, ndiko ilikotungwa sheria ya kuwalipa wafanyakazi wazee kwa kufikia umri wa miaka 70, umri ambao mwaka 1916 ulishushwa hadi 65. Kwetu mambo hayo yaliingia pamoja na mshahara wa serikali, reli na bandari, na umri wenyewe haukutulia: Kenya iliusogeza kwa watumishi wake kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009. Mshahara, basi, ulituletea tarehe, walakini ulituondolea ule utaratibu wa fundi wa kujitenga na kazi hatua kwa hatua, na huo ndio ninaotamani turudishiwe.

Ama kwa upande wa fedha, hakuna neno linalotajwa kwa uchungu mkubwa miongoni mwa watumishi wetu kuliko kikotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, na kanuni mpya zikaagiza mstaafu apewe robo tu ya haki yake kwa mkupuo. Manung'uniko yakawa makubwa hata Rais Magufuli akaamuru, Desemba ya mwaka ule ule, kanuni za zamani ziendelee kutumika kwa muda. Mwaka 2022 kikaja kikotoo kingine: idadi ya miezi uliyochangia huzidishwa kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka, kisha hugawanywa kwa 580, na katika kinachopatikana asilimia 33 ilikuwa ya mkupuo, na iliyosalia iligawanywa kwa miezi ya mwaka ikawa pensheni ya kila mwezi. Sehemu ya mkupuo imeongezwa tangu hapo, lakini mfano wa hesabu ile bado wafundisha. Mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi aliyeanza kazi akiwa na miaka 25, akiondoka na miaka 55 angepata takriban shilingi 415,000 kila mwezi. Akingoja hata miaka 60, kwa mshahara ule ule, takriban 485,000. Hiyo 70,000 ndiyo bei ya miaka mitano ya siha, na kila mtu aipime kwa mizani ya nyumba yake. Mwenye mtoto wa mwisho aliye sekondari na mkopo wa benki unaokatwa mshaharani, nasema, na angoje. Mwenye nyumba iliyokwisha, shamba linalozaa na maradhi yanayoanza kubisha, sioni anangoja nini.

Shauri hilo lisikatwe na mtu mmoja. Mke au mume aujue mshahara, deni na mkupuo utakaokuja, tena ajue kabla ya jamaa. Maana fedha ya kiinua mgongo huvuta watu wenye shida za kweli na wenye mipango ya daladala, na asiyekuwa amekwisha amua huamuliwa. Kadhalika na zikaguliwe nyaraka: barua ya ajira, ya kuthibitishwa, za kupandishwa cheo, michango ya kila mwezi, na majina yanayolingana katika vyeti vyote. Kasoro ya herufi moja hurekebishwa kwa wepesi na aliye kazini. Mstaafu hupanda mabasi kwa ajili yake.

Ule utaratibu wa fundi wa kujitenga hatua kwa hatua una mfano hata kwa wakubwa. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922, aliachia urais mwaka 1985 kwa Ali Hassan Mwinyi, lakini uenyekiti wa chama tawala aliuachia mwaka 1990. Aliteremka kwa ngazi mbili, na katikati yake akaongoza Tume ya Nchi za Kusini. Baadaye alilima Butiama, akatunga tenzi kutokana na Maandiko Matakatifu, na alikuwa angali msuluhishi wa Warundi katika mazungumzo ya Arusha mauti yalipomfika mwaka 1999. Wako waliosema ngazi ile ya pili ilimbana mrithi wake, na neno hilo lina uzito. Hata hivyo naiheshimu sana namna aliyojipatia kazi nyingine kabla ya kuiacha ya kwanza.

Kwa mtumishi wa kawaida, kuteremka huko ni kukabidhi. Mkunga wa zahanati anayejua ni kijiji kipi kivuko chake hufungwa na masika, na karani wa masjala anayejua majalada ya viwanja vya zamani yamelazwa kabati gani, wamebeba maarifa yasiyoandikwa popote. Na aombe msaidizi atimizapo 57, amwachie kazi moja baada ya nyingine, yeye akibaki kuulizwa. Na mkuu wake akikataa, aombe tena kwa barua mwaka unaofuata, huku akiyaandika yote anayoyajua katika daftari la ofisi, kwa jina na tarehe.