Nuru Nyuma ya Kioo

Miongoni mwa mapambo ambayo nyumba za zama zetu zimeyapokea kwa shauku, ni machache yanayotundikwa kwa pupa kama kioo cha ukutani chenye taa za LED mgongoni. Maana mwenye nyumba aghalabu hutia fikira zake zote katika mkanda wa taa, urefu wake na bei yake, akasahau kuwa mkanda ule, ukishafichwa, hautaonekana tena na mtu. Nuru yake huupiga ukuta, na ukuta ndio unaoirudisha machoni petu. Kwa hiyo ukuta ndio taa yenyewe, na atakaye kazi hii iwe na haiba sharti aanze na ukuta.

Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, mfano wa kuta nene za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, hurudisha sehemu kubwa ya nuru, na madhali uso wake haung'ai, huitawanya kwa ulaini. Ilhali ukuta wa rangi nzito huimeza, na vigae vinavyometa vya bafuni huonyesha kila kitone cha taa kilichokusudiwa kusitiriwa. Penye vigae vya namna hiyo mkanda usibandikwe mtupu, bali utiwe ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe kisichopenyeza macho, ambacho huviunganisha vitone vikawa mstari mmoja, na alumini nayo huuondolea mkanda joto linalofupisha umri wake. Kioo kikae mbali na ukuta kadiri ya sentimita 3 hadi 5, na mkanda urudi ndani ya ukingo sentimita 4 hivi: kikisogea karibu mno, nuru hubanwa ikawa nyembamba na kali, kikiwa mbali mno, aliyesimama ubavuni huziona taa zenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi. Kioo cha sentimita 60 kwa 90 kitahitaji mkanda wa sentimita 268, na ukiwa ni wa volti 12 unaotumia wati 9.6 kwa mita, jumla yake ni karibu wati 26. Na kwa kuwa adapta haifai kutwishwa mzigo wake wote saa zote, iongezwe nguvu kwa moja ya tano au zaidi, hivyo ya wati 36 yatosha. Mkanda hukatwa penye alama zake tu.

Mintarafu ya rangi, hapa ndipo ninapoona watu wengi wakidhulumiwa. Nuru nyeupe ya LED kwa kawaida huzaliwa na taa ya samawati, ile iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, ikafunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya samawati kuwa manjano. Unga ukiwa duni, wekundu hupungua, na ngozi yetu ya maji ya kunde au nyeusi, ambayo uzuri wake umo katika wekundu ule wa ndani, huonekana kama imepauka. Bibi arusi akajitazama akadhani anaumwa. Basi muulize muuzaji kipimo cha uaminifu wa rangi, ambacho ukomo wake ni 100, wala usikubali chini ya 90. Na joto la rangi liwe baina ya kelvini 3000 na 4000, si 6500. Hata hivyo, nuru itokayo nyuma hupamba kioo kuliko inavyomulika wajihi, na mwenye kunyoa ndevu au kupaka wanja atahitaji taa nyingine mbele yake, moja kila upande.

Mgongo wa kioo nao unataka hadhari. Tangu mkemia Mjerumani Justus von Liebig alipobuni mwaka 1835 njia ya kupaka kioo fedha, utando ule umebaki kuwa kitu dhaifu chini ya rangi inayoukinga, na silikoni ya kubandikia yenye harufu ya siki huula, ukaota madoa meusi yasiyofutika. Fauka ya hayo, hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi huanza kuula ukingoni. Itumike silikoni isiyo na asidi.

Kazi ya umeme wa volti 230 apewe fundi mwenye leseni, na adapta ikae nje ya bafu, mahali pakavu penye hewa, panapofikiwa na mkono. Kioo chetu cha sentimita 60 kwa 90, kikiwa na unene wa milimita 5, kina uzito wa karibu kilo 7. Kwa hiyo kitundikwe juu ya papi mbili za mbao zilizokatwa mshazari na kukamatana, moja ukutani na nyingine kwenye fremu iliyo nyuma ya kioo, ili siku mkanda utakapozimika watu wawili wakinyanyue, waubadilishe, na kukirudisha mahali pake pasipo kuvunja kitu.