Kipeo na Kipeuo: Istilahi katika Kutafuta Upande wa Pembetatu Mraba

Kwa mujibu wa kanuni ya Pythagoras, kipeo cha pili cha upande unaokabili pembe mraba ni sawa na jumla ya vipeo vya pili vya pande mbili nyingine. Mathalani, ngazi ya mita 5 ikiegemezwa ukutani, mguu wake ukiwa mita 3 kutoka ukuta huo, hutolewa 9 katika 25. Jibu, 16, ni kipeo cha pili cha kimo. Kipeuo chake cha pili, 4, ndicho kimo chenyewe. Istilahi hizi hutofautiana kwa irabu moja, /u/, ambayo katika vitenzi kama fungua na zibua huashiria utenduzi. Mwanafunzi asiyeizingatia ataipandisha ngazi ya mita 5 hadi mita 16.