Tangi la samaki kumwaga maji sebuleni: Kihisi kinasaidia wapi, na wapi hakisaidii

Umeme ukikatika usiku, wengi wanaofuga samaki ndani huwaza hewa: samaki watapumua vipi? Wachache hukumbuka sakafu. Lakini kama tangi lako lina tangi la pili ndani ya kabati, lile la kuchujia maji, dakika chache baada ya giza kuingia ndizo zinazoweza kulowesha zulia, soketi na dari ya jirani wa chini.

Iko hivi. Pampu ikiwa inafanya kazi, maji hushuka kwa bomba moja na kupandishwa kwa jingine. Ikizima, bomba la kupandisha linaanza kunyonya kinyume. Maji ya juu yanarudi chini kupitia humo humo, mpaka mdomo wa bomba utoke kwenye maji na kuvuta hewa.

Piga hesabu. Tangi la urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 45 lina lita 5.4 katika kila sentimita moja ya kina. Mdomo wa bomba ukiwa umezama sentimita 5, lita 27 zitashuka. Hiyo ni zaidi ya ndoo kubwa ya lita 20. Kama tangi la chini lilikuwa limejaa pomoni, maji hayo yote yanaenda sakafuni.

Na hapo kihisi cha kuzima pampu (mafundi wengine wanaita sensa) hakina kazi, maana pampu imeshazima yenyewe.

Dawa yake haihitaji umeme hata kidogo. Pandisha mdomo wa bomba ukaribie uso wa maji, au toboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya usawa wa maji, ili livute hewa mapema. Tundu hilo lisafishwe mara kwa mara, kwa sababu mwani huliziba. Kisha zima pampu makusudi, mchana ukiwa macho. Acha maji yote yashuke, ongeza mengine tangi la chini hadi zibaki sentimita chache kufika ukingoni, washa pampu na subiri yatulie. Yalipofika, piga alama kwa kalamu ya wino mzito. Usijaze kupita hapo, hata siku moja.

Kihisi kinapofaa

Sasa geuza hali. Umeme upo, pampu inasukuma, ila jani au konokono ameziba bomba la kushusha. Pampu ya lita 2,000 kwa saa hupandisha takriban lita 33 kwa dakika. Tangi letu likiwa na nafasi ya sentimita 3 juu, hiyo ni kama lita 16. Una nusu dakika. Hakuna mtu anayewahi, hata akiwa chumba cha pili.

Hapa kihisi kinalipa. Kifungwe kwenye tangi la juu, sentimita moja hivi juu ya usawa wa kawaida, na kazi yake iwe moja: kukata umeme wa pampu.

Cha bei nafuu na rahisi kuelewa ni boya dogo lenye sumaku ndani. Maji yakipanda, boya linapanda na swichi inageuka. Adui zake ni mwani, konokono na chumvi inayoganda, ambavyo hulifanya ling'ang'anie. Vipo pia vya kubandika nje ya kioo, visivyogusa maji kabisa. Vya nyaya mbili zilizo wazi ndani ya maji achana navyo. Huliwa na kutu, na kama ni shaba, ni sumu kwa konokono na kamba.

Boya lifungwe hivi: maji yakiwa salama, njia ya umeme wa kihisi iwe imeunganishwa. Waya ukikatika au panya akiutafuna, pampu inazima. Ukifunga kinyume, waya uliokatika utasomeka kama mambo shwari, na pampu itaendelea kusukuma.

Wanaotumia Arduino au ESP32 waongeze vitu viwili kwenye programu. Kwanza, isubiri sekunde 3 kabla ya kuzima, maana mawimbi ya samaki hufanya relei iwake na kuzima ovyo. Pili, ikishazima isiwashe tena hadi mtu abonyeze kitufe. Bila hivyo maji yatarudi chini, boya litashuka, pampu itawaka, na mchezo huo utaendelea usiku kucha huku bomba likiwa bado limeziba.

Upande wa umeme wa nyumbani, wa volti 230 hadi 240, mwachie fundi umeme. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke pembeni badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kama una pampu ya kujazia maji yanayokauka, ivute kutoka ndoo ya lita 10, si bomba la mtaa. Boya likikwama, kitakachoingia ni lita 10 tu. Bomba la mtaa halina mwisho, na klorini yake huua samaki.

Kuvuja ni habari nyingine. Kihisi chake kinakaa sakafuni, kwenye trei chini ya kabati. Chagua chenye betri na king'ora chake, kwani ujumbe wa simu unaotegemea ruta hautafika umeme ukiwa umekatika. King'ora hakizibi ufa, ila kinakuamsha wakati bado ni tone.

Kioo kikipasuka ghafla, hakuna kihisi. Desemba 16, 2022 tangi la AquaDom jijini Berlin, lenye maji takriban lita milioni moja na samaki wapatao 1,500, lilipasuka alfajiri na kujeruhi watu wawili.

Kwa la sebuleni, mara moja kwa mwezi inua boya kwa kidole. Pampu isipozima ndani ya sekunde chache, lisafishe au libadilishe siku hiyo hiyo.