Jicho la Haraka, Mkono wa Taratibu
Wapenzi wa picha hulitafuta toleo la 36 la jarida la Camera Work, la mwaka 1911, kwa sababu ya Alfred Stieglitz: meli zake, moshi wake, maghorofa ya New York yaliyosimama ukingoni mwa maji. Mimi nimenaswa na insha fupi iliyomo humo, ya Alvin Langdon Coburn, mzaliwa wa Boston aliyekuwa bado hajatimiza miaka thelathini.

Coburn anasimulia jinsi alivyorejea kutoka ng’ambo. Meli inaingia bandari ya New York, naye anayatazama madaraja yanayoning’inia kwa nyaya za chuma, anayaona kama madubwana ya sayari ya Mars. Papo hapo anahisi udugu. Aliyebuni daraja na mpigapicha wa kizazi kipya, kwake, akili yao ni moja: huyu kashika chuma, yule kashika kemia na lenzi. Jiji lenye mbio, anashikilia, linataka msanii mwepesi, na kamera imezaliwa na zama hizo hizo za chuma.

Hao wa Mars wametoka wapi? Mwaka mmoja kabla ya insha hiyo, dibaji ya kitabu cha Coburn cha picha za New York iliandikwa na H.G. Wells, aliyevitungia riwaya vita vya watu wa Mars. Sijui kama ndiko alikowatoa.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kitabu chenyewe. Kina picha 20, na mhubiri huyu wa kasi alizichapa kwa njia ya kuchosha mno. Nyumbani kwake Hammersmith, London, picha ilihamishiwa kwenye bamba la shaba, dawa ikaila shaba kidogo kidogo, ndani zaidi penye kivuli, juu juu penye mwanga. Kisha wino ukapakwa, ukafutwa kwa mkono, karatasi ikalazwa, bamba likapitishwa mashinini. Nakala inayofuata, wino upya, kufuta upya. Ndiyo maana moshi wa bandari yake una uzito ule, na maji yake yana giza la kugusika.

Mafundi waliopanda nyaya za madaraja wakiwa na nyundo mkononi hawamo katika udugu wake. Linaniuma hilo.

Na mwaka 1912 Coburn aliondoka Marekani, asirudi tena hadi kufa kwake mwaka 1966. Lile jiji alilolisifia mbio, lilimchosha, au alikwisha kulimaliza?