Zabibu za Dodoma na kakao yetu: tunda lisilongoja linamnyima mama bei



Siku ya Mungu tunaona kikombe cha divai kwenye altare, na siku ya arusi tunaona chupa mezani. Wengi wetu tunasema divai ni kitu cha Ulaya. Lakini kuna divai inayotoka hapa hapa Afrika ya Mashariki, kwa wakulima wanaosema Kiswahili kama sisi. Inatoka Dodoma, mji mkuu wa Tanzania. Habari yao inatuhusu sisi tunaouza kakao, kahawa na ndizi, kwa sababu shida yao kubwa ni shida yetu pia.

Mzabibu ulifikaje Dodoma?

Mwaka 1957 wamisionari kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma. Walihitaji divai ya misa, maana sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai hiyo iwe ya zabibu tu. Ya ndizi au ya nanasi haikubaliwi, hata ikiwa tamu namna gani. Kutoka misioni, miche ilienda kwa wanakijiji: Mpunguzi, Mbabala, Hombolo, Mvumi na vijiji vingine. Leo familia nyingi huko zinalipa masomo ya watoto kwa shamba la zabibu, sawa na vile mama wa huku anavyolipa kwa kakao au kwa kasiksi.

Kwa nini Dodoma, na si Bungulu?

Dodoma iko kwenye mita elfu moja na zaidi kidogo juu ya bahari. Beni pia ni hivyo hivyo. Basi kwa nini mizabibu haijai kwetu?

Jibu ni mvua. Dodoma mvua inaanza karibu na mwezi wa 12 na kuisha mwezi wa 4. Miezi inayobaki ni jua na vumbi. Kwetu mvua inarudi karibu kila mwezi, na mzabibu hauipendi hali hiyo: ukungu unashika majani, na matunda yanaoza kabla ya kuiva.

Tena mzabibu unahitaji kupumzika. Ulaya baridi ndiyo inayoulaza. Dodoma hakuna baridi ya namna ile, kwa hiyo mkulima mwenyewe anauamsha kwa kisu. Anakata matawi, mti unachipua upya, na baada ya miezi kama minne zabibu zinaiva. Hivyo wanavuna mara mbili kwa mwaka: karibu na mwezi wa 2 na wa 3, kisha mwezi wa 8 na wa 9. Mavuno ya wakati wa jua ndiyo mazuri zaidi, maana yale ya wakati wa mvua yana maji mengi, sukari kidogo na magonjwa.

Kila udongo na mbegu yake

Kama vile sisi tunavyotofautisha ndizi ya kupika, ya kula na ya pombe, wenye divai wanatofautisha zabibu. Dodoma kuna nyekundu inayoitwa Makutupora, kwa jina la mahali penye kituo cha serikali cha utafiti wa zabibu. Kuna nyeupe inayoitwa Chenin Blanc na nyekundu inayoitwa Syrah, zote mbili asili yake Ufaransa. Kuna pia Aglianico, nyekundu ya kusini mwa Italia iliyozoea jua kali.

Tuangalie upande mwingine wa dunia. Uingereza ni nchi ya baridi iliyozungukwa na bahari, na jua lake ni dogo. Syrah ingeshindwa kuiva huko. Kwa hiyo wakulima wa Sussex na Kent, upande wa kusini, wanapanda Bacchus, zabibu nyeupe iliyotengenezwa Ujerumani na inayoiva mapema, pamoja na Chardonnay na Pinot Noir. Wanazivuna zikiwa bado na uchachu, na kwa uchachu huo wanatengeneza divai yenye povu. Hawakulazimisha udongo wao kuzaa kile kisichoweza. Walitafuta mbegu inayoupatana.

Mama, mtu akikuletea mche na kukuambia utakutajirisha, muulize kwanza: unapenda mvua ngapi? Nani aliupanda karibu na hapa, na alivuna nini?

Zabibu hazingoji

Sasa tufike kwenye shida yenyewe. Zabibu ikiiva, haingoji. Ukiikata, baada ya siku chache inaanza kuharibika. Dodoma wakulima wengi wanavuna kwa wakati mmoja, na viwanda ni vichache. Kiwanda kikijaa, mkulima anabaki na zabibu shambani, au anaziuza kwa bei yoyote anayopewa. Mnunuzi anajua kwamba muuzaji hana muda, na mwenye muda ndiye anayepanga bei.

Walifanya nini? Vikundi vya wakulima vilianza kukamua zabibu vyenyewe. Wanapata kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, ambao unawekwa kwenye matangi na kuuzwa baadaye kwa viwanda vikubwa. Mchuzi unaweza kungoja. Serikali nayo iliweka ushuru mdogo juu ya divai ya zabibu za nchini kuliko juu ya ile inayotoka nje. Shida haijaisha yote, lakini mwenye tangi hauzi kwa woga kama mwenye kikapu.

Na sisi?

Wamama, tusijidanganye: kakao mbichi ni zabibu yetu. Mama anavunja maganda asubuhi, mtoto amefukuzwa shuleni kwa sababu ya minerval, na jioni kakao inauzwa ikiwa bado na utelezi, kwa bei ya mnunuzi. Tena kwa hali ya usalama tunayoijua, hakuna anayetaka kurudi shambani mara nyingi. Haraka hiyo inaeleweka. Lakini kakao iliyochachushwa siku tano au sita na kukaushwa vizuri juani inaweza kungoja, na bei yake si ile ile.

Mfano mzuri uko karibu. Upande wa Ruwenzori ushirika wa Kawa Kanzururu, na upande wa Lubero ule wa Kawa Kabuya, wakulima wanaleta kahawa nyekundu pamoja, inaoshwa, inakaushwa na kuuzwa kwa jina la kundi.

Kikundi chetu kinaweza kuanza na mambo matatu:

1. Kuwa na sanduku moja la mbao la kuchachusha na turubai moja la kukaushia, mahali penye usalama, kwa zamu ya kila mama.
2. Kuwa na mizani yetu wenyewe, na daftari la kuandika kilo za kila mmoja.
3. Kuwa na akiba ndogo ya kundi ya kumkopesha mama mwenye shida ya haraka, ili asiuze kakao mbichi kwa sababu ya minerval. Bila akiba hiyo, sanduku halitasaidia kitu.

Neno moja kuhusu chupa yenyewe

Si kila maji mekundu ni divai. Chupa nyingi zina pombe, sukari na rangi. Soma karatasi ya chupa: kama haikutaja zabibu, usiilipe bei ya zabibu. Na mama mwenye mimba asinywe pombe yoyote, iwe divai au kasiksi. Hakuna kipimo kidogo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

Katika mkutano wa juma hili, kila mmoja aje na jibu la swali hili: mwezi uliopita uliuza kilo ngapi mbichi, na nini kilikulazimisha?