Kizibo cha Uvimbe katika Mishipa ya Damu

Msemaji wa Kiswahili aambiwapo kwamba mshipa wa mgonjwa umeziba, hufikiri mara moja damu iliyoganda. Na mara nyingi hakosei. Mwaka 1865 Armand Trousseau, tabibu wa Paris, alieleza ya kuwa damu ya wenye saratani huelekea kuganda mishipani. Naye mwenyewe alikufa mwaka 1867 kwa saratani ya tumbo, baada ya kuiona dalili hiyo mwilini mwake. Lakini liko jambo jingine, la nadra, ambalo maneno "damu iliyoganda" hulificha: pengine kinachoziba ni kipande cha uvimbe wenyewe.

Njia yake yafaa kufuatwa kwa makini. Kipande kikimeguka katika saratani ya figo na kuingia katika mshipa urudishao damu moyoni, kwa kawaida hupita upande wa kulia wa moyo na kunaswa mapafuni, ambako mishipa hugawanyika ikawa myembamba mno. Mapafu, basi, ni kama chujio. Saratani ya pafu, kinyume chake, huweza kupenya katika mishipa iliyo ng'ambo ya chujio hilo, ile ipelekayo damu upande wa kushoto wa moyo. Na kipande kimegukapo hapo husukumwa katika mshipa mkuu utoao damu moyoni, kikaenda popote. Kikifika ubongoni huleta kiharusi. Kikifika mguuni, mguu hupauka, huwa baridi na kufa ganzi, na mshipa usipozibuliwa upesi nyama yake hufa. Hayo huweza kutukia hata wakati daktari mpasuaji anapolishika pafu ili alikate.

Hapa ndipo uteuzi wa neno unapokuwa na uzito. Dawa ziyeyushazo damu iliyoganda haziyeyushi nyama ya uvimbe. Kipande hicho, kikiweza kufikiwa, hutolewa kwa kupasua au kuvutwa kwa mpira mwembamba, kisha hutazamwa kwa hadubini. Na pengine ndipo saratani ambayo mgonjwa hakujua kuwa anayo inapofichuka. Rudolf Virchow, Mjerumani aliyeueleza uzibaji huu katika miaka ya 1840, aliupa jina la asili ya Kiyunani lenye maana ya kitu kilichopachikwa. "Kizibo" chetu chafaa vivyo hivyo, kwa kuwa hakisemi kimeundwa kwa kitu gani. Neno lenye taabu zaidi ni "mshipa", maana latumika kwa ateri, kwa vena, kwa neva, na hata kwa ngiri. Mwandishi wa habari za tiba hana budi kulieleza kila mara, kama tulivyofanya hapo juu, ingawa sentensi hurefuka.